Shata Haijafa: Soma Negativu Kabla ya Kushika Bisibisi

Swali: "Shikamoo mzee. Naishi Ipagala, Dodoma. Marehemu baba mdogo alikuwa mpiga picha wa harusi na pasipoti, na familia imenikabidhi kamera yake, Pentax K1000, iliyokaa kabatini tangu alipohamia digitali. Nilinunua mkanda wa ISO 400, nikapiga hapa mjini na siku moja kule bwawani Hombolo, rafiki yangu akausafisha nyumbani. Picha chache ni nzuri kabisa. Nyingi zina giza upande mmoja, nyingine zina mwali mweupe unaokatiza, na mara mbili kioo cha ndani kilinata juu nikawa sioni kitu. Sindano ya mita ya mwanga haijawahi kucheza. Nilimpelekea fundi, akaitikisa sikioni, akasema shata imekufa, nitafute kamera nyingine. Kuna jamaa pale Sabasaba anauza Olympus Trip 35. Nifanyeje?"

Marahaba, kijana wangu, na pole kwa kumpoteza baba mdogo.

Shata ndiyo mlango wa ndani ya kamera unaofunguka na kujifunga haraka ili mwanga uufikie mkanda; ikifa, haitoi picha nzuri hata moja. Yako imetoa chache, kwa hiyo inafanya kazi, ila inachechemea. Unachonieleza ni matatizo matatu au manne tofauti ambayo yamejitokeza kwa pamoja kwa sababu yote yana umri mmoja. Mtu akiyasikia kwa mkupuo anadhani kamera nzima imeoza. K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na ni ya mitambo mitupu: betri yake ni ya mita tu, shata inakwenda kwa springi na meno. Hakuna saketi ya kuungua ikakuachia kopo la chuma. Kinachoharibika humo ndani ni grisi inayokauka, sponji inayooza na vumbi linaloingia, na yote matatu yana dawa.

Anza na negativu zenyewe, yaani ule mkanda uliokwisha kusafishwa. Achana kwanza na picha ulizozigeuza kwenye simu, maana programu za simu husawazisha mwanga zenyewe na kuficha nusu ya ushahidi. Shika mkanda mbele ya dirisha. Kumbuka mambo yamegeuka: palipopata mwanga mwingi ni peusi, palipokosa mwanga ni pang'avu. Tazama kwanza pembeni, kwenye matundu. Kuna namba za fremu zilizochapwa kiwandani. Zikiwa nyeusi na zinasomeka vizuri, rafiki yako kausafisha mkanda ipasavyo, na lawama zinabaki kwa kamera au kwako. Zikiwa zimefifia, dawa ilikuwa imechoka au muda haukutosha, na hapo usiihukumu kamera bado. Mkanda ukitoka mtupu lakini namba zipo, basi haukupata mwanga kabisa, na mara nyingi sababu ni kwamba haukushika kwenye roli ukawa unavuta mkono wa kusogezea mkanda bure. Kila unapovuta, tupia jicho kitufe cha kurudishia mkanda upande wa kushoto. Kikizunguka, mkanda unakwenda.

(Na ukiona vidoti na madoa ya matone kwenye negativu, hayo ni maji yetu ya Dodoma na chumvi yake. Mwambie rafiki yako suuza ya mwisho atumie maji ya betri ya gari, yale yaliyoondolewa chumvi. Si tindikali!)

Sasa giza la upande mmoja, maana ndilo lililomfanya fundi aandike hati ya kifo.

Nyuma ya kile kioo cha ndani kuna shata yenyewe: mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayokimbia kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine. La kwanza linafungua, la pili linafunga. Kwenye spidi ya 1/60, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde, na zote za polepole kuliko hiyo, la kwanza hufika mwisho kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo kuna wakati fremu nzima iko wazi. Kwenye spidi za kasi zaidi, la pili huondoka la kwanza likiwa bado njiani, na mwanga hupita kwenye ufa tu unaosafiri kati yao. Kwa 1/1000 ufa huo una milimita mbili tatu hivi. Sasa fikiria grisi imekauka kwenye mhimili wa pazia la kwanza, likachelewa kidogo sana. Kwenye 1/30 huwezi kuona tofauti yoyote. Kwenye 1/1000 pazia la pili linalifikia la kwanza, ufa unajifunga kabla haujafika ng'ambo, na sehemu iliyobaki ya fremu haipati kitu. Dalili zake: giza linaingia polepole bila mpaka mkali, liko upande ule ule kila picha, na 1/1000 ina hali mbaya kuliko 1/500.

Ukichukua kanuni ya zamani ya wapiga picha, jua la wazi ni f/16 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi; ikipanda, tundu linapungua) kwa spidi iliyo karibu na namba ya ISO, yaani wepesi wa mkanda kupokea mwanga. Mkanda wako wa 400 kwenye jua la Dodoma unadai 1/500 kwa f/16, na ukifungua lenzi hadi f/11 umeshafika 1/1000. Maana yake picha zako zote za nje ulizipiga kwenye zile spidi mbili tatu ambazo pazia haliziwezi tena. Ninaweka dau kwamba zile nzuri ni za ndani, za kivulini au za jioni. Kama ndivyo, jibu tumeshalipata kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Jambo moja la kuondoa kwanza: je, ulitumia flashi ya marehemu? Kamera hii flashi yake inataka 1/60 au polepole zaidi. Ukiiwasha kwenye 1/125, inamulika wakati pazia limefunika sehemu ya fremu, na unapata giza upande mmoja vilevile. Tofauti ni kwamba la flashi lina mpaka ulionyooka, unaoonekana wazi, wakati la grisi linafifia. Picha za harusi nyingi za zamani zenye bibi harusi kamili na bwana harusi nusu zilipatikana hivyo, na kamera haikuwa na kosa.

Kujipima ni rahisi. Toa mkanda, toa lenzi, fungua mlango wa nyuma. Elekeza kamera kwenye anga au ukuta mweupe unaopigwa na jua (usielekeze kwenye jua lenyewe), tazama kwa nyuma, weka 1/1000 na ufyatue. Shata nzima itakupa mstatili wa mwanga uliojaa, kwa kufumba na kufumbua. Yenye tatizo itakupa mstatili ulioliwa upande mmoja. Shuka 1/500, kisha 1/250, kisha 1/125, hadi uone mstatili umejaa. Hapo ndipo kamera yako ilipo salama leo, iandike kwenye karatasi. Spidi za polepole zipime kwa simu. Simu nyingi zina video ya mwendo wa taratibu ya picha 240 kwa sekunde. Rekodi shata, kisha hesabu picha zenye mwanga: 1/30 itakupa kama 8, 1/15 kama 16, 1/8 kama 30. Ikizidi moja au mbili usihangaike. Ikizidi mara mbili, kuna shida. Na ile ya sekunde moja isikilize kwa sikio: unatakiwa usikie mlio mwembamba wa meno ukienda bila kukata hadi shata inapojifunga. Ukisikia unasitasita au unaganda katikati, grisi ya kule nako imekuwa gundi.

Kabla ya kumtafuta fundi, fanya mazoezi ya shata. Jioni ukiwa umekaa, ifyatue kwenye kila spidi mara nyingi bila mkanda, uiache siku mbili, upime upya. Kamera iliyolala miaka mara nyingine huamka kwa hilo tu. Ikiamka na kubaki macho, shukuru. Ikiamka jioni na kesho asubuhi, kukiwa na baridi la Juni au Julai, ikachechemea tena, basi inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya, na hakuna njia ya mkato. Nisisitize: usipulizie mafuta ya kopo, yale ya kulainishia vitasa. Yatalainisha kwa wiki moja, kisha yatatambaa hadi kwenye mapazia na kioo, na hapo ndipo utakapopata shata iliyokufa kweli. Petroli ya pikipiki nayo isikaribie.

Mwali mweupe ni jambo jepesi zaidi. Kwenye negativu utakuwa mweusi. Tazama kama weusi huo unaishia kwenye mpaka wa fremu au unavuka hadi kwenye matundu ya pembeni. Ukiishia kwenye mpaka, mwanga uliingia kwa mbele, aghalabu jua lilipiga kioo cha lenzi. Ukivuka, umeingilia mlango wa nyuma. Picha hukaa kichwa chini ndani ya kamera, kwa hiyo mwali ulio chini kwenye picha umeingilia juu ya kamera, na ulio kushoto kwenye picha umetoka upande wa kulia, penye bawaba. Kwa kamera hizi mimi huanza na bawaba, na mara chache sana hunidanganya.

Fungua mlango utazame mifereji ya juu na ya chini, na kipande kipana kwenye bawaba. Kiwandani walibandika humo sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Sponji ile huoza kwa miaka tu, itumike isitumike. Iguse kwa kijiti cha meno. Iliyo nzima hubonyea na kurudi. Iliyooza hunata kwenye kijiti kama lami ya barabarani saa nane mchana, inavutika, haitaki kuachia, na ikishakauka zaidi inavunjika kuwa unga mweusi unaotua kwenye mapazia na kukwaruza mkanda.

Kisha toa lenzi uchungulie juu, pale ukingo wa kioo unapogonga unapoinuka. Kuna kipande cha sponji hiyo hiyo. Kikinata kwenye kijiti, kinanata na kwenye kioo pia. Lakini usilikubali jibu hili upesi, maana kioo kinaweza kubaki juu kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye kamera hii kioo hushuka pale pazia la pili linapomaliza safari yake. Likisita hatua ya mwisho, kioo nacho kinasubiri. Kwa hiyo kikinata tena, usikigonge wala kuitikisa kamera. Bila mkanda ndani, fungua mlango wa nyuma. Ukiona ukingo wa pazia umesimama ndani ya dirisha la fremu, tatizo ni pazia, turudi kwenye grisi. Ukiona pazia limefika na kufunika kila kitu, tatizo ni sponji.

Kubadilisha sponji unaweza mwenyewe, na sioni sababu ya kumlipa mtu. Tafuta spiriti safi, vijiti vya meno, vijiti vya pamba vya masikioni, na uvumilivu wa mchana mmoja. Funika dirisha la mapazia kwa karatasi iliyokatwa vizuri, bila kuibandika wala kuigandamiza. Lowesha sponji kidogo, subiri ilainike, ikwangue kuelekea nje, futa, rudia. Kwenye mifereji usitafute sponji nyingine: laza uzi mweusi wa sufu wa kufumia, umebanwa na mfereji wenyewe kwa gundi kidogo sana. Hauozi. Kwenye bawaba bandika kipande cha kitambaa cha mahameli nyeusi. Pale kioo kinapogonga ndipo utahitaji sponji nyembamba laini, na unene wake uwe ule ule wa zamani, maana ikizidi kioo hakitainuka chote na kitakula ukingo wa picha. Gundi ile ya kukauka papo hapo usiitumie popote karibu na kamera. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi.

Na kioo chenyewe usikifute! Kimepakwa madini yanayoakisi upande wa mbele, tofauti na kioo cha kujitazamia. Spiriti na kitambaa vitaondoka nayo. Vumbi juu yake halionekani kwenye picha, liache. Likikukera sana, tumia pampu ndogo ya mpira. Hewa ya mashine ya fundi simu ina nguvu mno kwa mapazia ya kitambaa.

Kama huna uhakika kwamba tatizo ni mlango, piga mkanda mmoja ukiwa umezungushia tepu nyeusi ya umeme kwenye mishono yote ya mlango. Mwali ukipotea, umeupata mwizi.

Mita. Hapa huenda hakuna ugonjwa wowote. K1000 haina swichi ya mita. Inaamka kila lenzi inapoona mwanga, na inalala ukiweka kifuniko cha lenzi. Kamera iliyowekwa rafuni bila kifuniko hunywa betri yake. Fungua kifuniko kidogo cha chini kwa sarafu, weka betri mpya ya kitufe ya LR44, au SR44 ukiipata, maana hiyo hushikilia nguvu yake hadi mwisho. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani, betri ya zamani ilivuja: pamba yenye siki kidogo, kisha pamba yenye spiriti, kisha kausha. Sindano ikicheza, ipime kwa kanuni ile ile: saa sita mchana, ISO 100, f/16, ielekeze kwenye ukuta usio mweupe wala mweusi sana, nayo itake 1/125 au jirani yake. Isipocheza kabisa, nyaya za chini zimeliwa, na hilo linaweza kungoja. Jua la Dodoma halibadiliki sana kuanzia saa nne hadi saa tisa, na baba mdogo wako pengine alipiga harusi nyingi bila kuitazama sindano.

Lenzi imulike kwa tochi ya simu kwa nyuma, ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Vumbi kidogo ni kawaida. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka sehemu moja ni kuvu, na hiyo ni kawaida kwa kamera zilizoishi pwani. Ukavu wa huku kwetu huizuia isikue, lakini hauiondoi. Ikiwa ndogo ukingoni, piga picha uendelee.

Kuhusu fundi. Wa kamera ni wachache siku hizi, na anayeisikiliza kamera sikioni bila kufungua mlango wa nyuma mshukuru uondoke. Mimi ningekwenda kwa fundi saa mzee mwenye mkono mtulivu. Ana kibanio, ana mafuta membamba, na anaelewa springi. Mwambie mambo mawili. La kwanza, skrubu za msalaba za Kijapani zina umbo tofauti kidogo na bisibisi ya kawaida, na ya kawaida huzila kichwa. Ainoe ncha ikae. La pili, chini ya kifuniko cha chini kuna virekebishaji vya springi za mapazia, na vinamvutia kila mtu. Asivikaze kabla ya kusafisha. Ukikaza springi ili ishinde grisi iliyokauka, spidi zote zinapotoka, na kitambaa kinavutwa kuliko kilivyozoea. Kama hataki kusafisha, mwache, endelea na kamera kama ilivyo ukitumia mkanda wa ISO 100, ambao juani unataka 1/125 tu.

Ile Trip 35 ya Sabasaba si mbaya, lakini si mbadala wa hii. Haina betri: mita yake ni seleniamu, ule mduara wenye vipunje unaozunguka lenzi, na seleniamu ikichoka imechoka. Kabla ya kutoa pesa, weka alama ya A (kamera ijipangie mwanga yenyewe), ziba mduara kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu kinatakiwa kitokee dirishani na kamera ikatae kufyatua. Kisha toka juani ubonyeze tena, ikubali. Ikikubali pote pawili au ikakataa pote pawili, mita imekwisha. Baada ya hapo itoe kwenye A, zungusha namba kutoka 2.8 hadi 22 huku ukifyatua na kutazama ndani ya lenzi: tundu lazima libadilike ukubwa. Zile bapa mbili ndogo za chuma zinazojifunga ndani zina kawaida ya kunata kwa mafuta, na muuzaji hatakuambia. Na kwenye kamera yoyote ya umri huu usijaribu kile kikono cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewesha, hasa kama si yako bado. Kikiganda katikati, umeinunua.

Mkanda ujao uupige hivi: fremu mbili kwa kila spidi kuanzia 1/1000 hadi 1/30, kitu kile kile, jua lile lile, ukibadilisha tundu la lenzi kufidia, na uandike kwenye daftari fremu ipi ni spidi ipi. 1/30 na f/16 juani zitakuwa zimezidi mwanga, ni sawa, tunatafuta umbo la giza tu. Mwali ukirudi, andika ni fremu za mwanzo au za mwisho, na kama kamera ilikuwa juani au begani. Nitumie negativu hizo zikiwa zimepigwa picha juu ya karatasi nyeupe dirishani, pamoja na pembeni zake, bila kuzikata wala kuzigeuza. Na ukimaliza kupiga, usiiweke kabatini ikiwa imevutwa. Fyatua kwanza, springi zipumzike.